Mbadala wa Nini?

Lugha yetu haijalitendea jivu haki. Moto huzaa jivu, tunasema, tukimaanisha kwamba baba hodari amepata mtoto goigoi. Hapo jivu ni aibu ya ukoo, takataka inayobaki baada ya kitu cha maana kuisha. Na bado haipiti wiki kabla simu yangu haijaniletea video ya kijana aliyevaa aproni nyeupe akitufichulia siri: sufuria iliyoungua inang'aa ukiisugua kwa jivu, sinki iliyoganda mafuta inalainika kwa magadi, bomba lenye madoa meupe linasafika kwa nusu ya ndimu. Anashangaa, nasi tunatakiwa tushangae naye. Mbinu zenyewe ni za kweli, sina ugomvi nazo. Kinachonisumbua ni huo mshangao. Kitu kilichokuwa kwenye kila jiko kiligeuka siri lini, na kwa mkono wa nani?

Sehemu ya jibu iko kwenye daftari. Mimi ni wa 8-4-4, ule mfumo ulioanza mwaka 1985, na shule ya msingi tulifundishwa Sayansi Kimu. Kulikuwa na ukurasa wa vifaa vya usafi. Juu tuliandika sabuni ya kipande, sabuni ya unga, brashi, waya ya kusugulia. Kisha tukapiga mstari kwa rula, na chini yake tukaandika "vifaa mbadala": jivu, mchanga, majani makavu, maganda ya ndimu. Tulikariri hivyo na tukapita mtihani. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza: mbadala wa nini? Kwa maana jivu lilikuwapo kwanza. Aliyekuja baadaye akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba ni sabuni ya dukani.

Tuanze na jivu lenyewe, kwa sababu wengi hudhani linasafisha kwa kukwaruza tu. Kukwaruza kupo. Lakini jivu la kuni lina chumvi za potasiamu, na hizo zikikutana na maji hutoa alikali. Ule utelezi unaousikia vidoleni ukiosha vyombo kwa jivu ndio huo. Alikali nayo ikikutana na mafuta huanza kuyavunja na kuyageuza sabuni. Yaani ile sufuria ya nyama iliyoganda mafuta, ukiipaka jivu na maji moto ukaiacha kidogo, unatengeneza sabuni palepale ndani yake, na malighafi yako ni uchafu wenyewe.

Wazungu walilijua hili vizuri kabla hawajaanza kulisahau. Kaskazini mwa Ulaya sabuni ilitoka kwenye jivu la miti lililochujwa kwa maji, kisha maji yale yakachemshwa chunguni hadi yakakauka. Humphry Davy alipotenga metali mpya mwaka 1807 aliiita potasiamu, jina ambalo ukilichimba mzizi wake maana yake ni jivu la chungu. Misitu mikubwa ilichomwa, ya Ulaya mashariki na ya Amerika Kaskazini, ili kupata jivu hilo kwa ajili ya sabuni na kioo. Hali ilibana kiasi kwamba mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilitangaza zawadi kwa atakayeweza kutengeneza soda kutoka kwenye chumvi ya kawaida, na mwaka 1791 Nicolas Leblanc akapata hati yake ya uvumbuzi. Jivu, bana, lilikuwa bidhaa ya kimataifa, na likakosekana.

Kwetu Magharibi hatukuhitaji zawadi ya mfalme. Waluhya wana munyu wa kienyeji, ule tunaouita musherekha. Unachoma maganda na mabua ya maharagwe, au magunzi ya mahindi, au maganda ya ndizi. Jivu lake unaliweka kwenye chombo kilichotobolewa tundu chini, unamimina maji juu, na yanayodondoka, ya rangi ya chai ya rangi, ndiyo unayopikia mrenda na tsisaga. Mboga inalainika na uchungu unapungua. Maji hayo ni ndugu wa karibu kabisa wa yale yaliyotengeneza sabuni ya Ulaya. Mmoja alienda jikoni, mwingine akaenda kufua. Nyanya yangu hakuwa na haja ya kuwatenganisha. Asubuhi alichota jivu la jana kwa kipande cha bati na kuligawa: la musherekha (hilo alilichagua, si kila jivu lilifaa), la vyombo, la chooni kuzuia harufu na nzi, la kuchanganya na maharagwe ya mbegu ili yasiliwe na wadudu. Lililobaki likaenda kwenye migomba. Ukimwambia mwanamke huyo kwamba jivu ni mbadala, angekuangalia kwa huruma.

Tena alijua mipaka yake. Chungu cha udongo alikisugua kwa jivu bila wasiwasi, lakini sufuria za aluminiamu hakuziacha na jivu bichi usiku kucha. Alikali hula aluminiamu. Ule mng'ao tunaoupenda ni sufuria yenyewe inayochubuka, safu nyembamba baada ya safu. Kijana wa aproni hili halisemi. Hasemi pia kwamba ndimu na magadi ukivichanganya pamoja, povu ni la kupendeza lakini kimoja kinaua nguvu ya kingine, na kwamba ndimu au siki ukiichanganya na Jik unatoa gesi ya klorini inayoweza kukuangusha bafuni. Anayerithi mbinu bila sababu yake hurithi nusu.

Pwani, ujuzi wa aina hii umejificha ndani ya maneno tunayotumia kila siku bila kuyaangalia. Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba walimu fulani wamepigwa msasa, yaani wamepewa mafunzo. Msasa ni mti. Ni mti wa jamii ya mikuyu, majani yake ni makavu na ya kukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi waliyatumia kulainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Karatasi ilipofika ikachukua jina la jani. Hapo angalau lugha ilikuwa na heshima: mgeni aliitwa kwa jina la mwenyeji. Dodoki nalo ni tunda la mmea unaotambaa uani. Likikauka hubaki nyuzi tupu, na hizo nyuzi ndizo sponji ya kuogea na ya kuoshea vyombo. Kumbi la nazi lilisugua masufuria na sakafu. Na shaba, yaani masinia, mabirika na madele ya kahawa, ilisafishwa kwa ukwaju au kwa ndimu iliyochovywa kwenye jivu, kwa sababu tindikali huyeyusha ile kutu ya kijani na jivu humaliza kazi. Ukiona dele la muuza kahawa Mombasa likikuangaza usoni jioni, kuna uwezekano mkubwa limepitia mikononi mwa ndimu.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote hauko pwani wala kwetu. Uko kwa majirani zetu Wakalenjin, kwenye kibuyu cha mursik. Kibuyu, sotet, kinaoshwa, kinasuguliwa ndani kwa fimbo ndefu yenye nyuzi za mtende mwishoni, kinakaushwa. Kisha kijiti cha mti wa senetwet kinachomwa hadi kiwe kaa, na kaa hilo linasagwa na kupakwa kwenye kuta za ndani. Maziwa yanayolala humo siku kadhaa hutoka na rangi ya kijivujivu na ladha ambayo mwenyewe hawezi kuikosea. Wamaasai nao hufukiza vibuyu vyao kwa kijinga cha mzeituni mwitu. Swali ni hili: hapo unasafisha chombo au unapika? Unakitia dawa au unakitia manukato? Lugha ya daftari langu la shule haikuwa na jibu, kwa sababu ilishaamua kwamba usafi ni kuondoa. Kwa mwenye sotet, usafi ni kuondoa na pia kuweka.

Baadhi ya wafugaji walisuuza vibuyu kwa mkojo wa ng'ombe, na maafisa wa kikoloni walipoliona hilo walishika pua. Haya. Wafua nguo wa Roma ya kale walikusanya mkojo wa binadamu mitaani kwa ajili ya amonia yake, na Kaisari Vespasian akautoza kodi. Hakuna anayeiita Roma chafu kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye magadi, maana hapa ndipo historia ya jikoni inapokutana na bunduki na reli.

Ziwa Magadi liko Kajiado, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, jeupe na la waridi, zito kwa soda inayojiganda yenyewe juani. Watu waliitumia zamani: kulainishia vyakula vigumu, kuchanganyia ugoro, kuwapa mifugo. Hata leo mama anayechemsha githeri mjini anatia magadi kidogo kuokoa makaa, na punje hizohizo akiziyeyusha kwenye maji moto zinakata mafuta ya jiko kuliko dawa nyingi za chupa. Ni kitu kimoja, si viwili. Magadi ni sodiamu kaboneti iliyoungana na bikaboneti, na sodiamu kaboneti ndiyo soda ambayo Leblanc alitoka jasho kuitengeneza kwa chumvi. Sisi tulikuwa na ziwa lake.

Tarehe 4 Aprili 1911 Wamaasai walitiwa sahihi kwenye mkataba wa pili na serikali ya Uingereza. Ule wa kwanza, wa 1904, ulikuwa umewahakikishia Laikipia kwa muda wote watakaokuwapo kama watu. Muda wote ulidumu miaka saba. Mkataba mpya uliwaondoa Laikipia na kuwasukuma kusini, watu na mifugo. Walienda kortini mwaka 1913. Wakaambiwa mikataba ile ilikuwa kama ya taifa na taifa, kwa hivyo mahakama haiwezi kuigusa. Mwaka huohuo wa 1911 Kampuni ya Soda ya Magadi ikaundwa. Reli yake ilitoka Konza ikateremka bondeni hadi ziwani, ikakamilika mwaka 1915, na soda ikaanza safari ya kwenda Mombasa na kupanda meli, kuelekea kwenye viwanda vya kioo na sabuni ng'ambo. Mwaka 1924 kampuni ikaangukia mikononi mwa Brunner Mond wa Uingereza. Leo ni ya Tata, ya India.

Siku 10 tu baada ya mkataba wa Wamaasai, tarehe 14 Aprili 1911, karatasi nyingine ilitiwa sahihi. Serikali ya Ubelgiji ilimpa William Lever, mtoto wa muuza vyakula wa Bolton, haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo. Lever alikuwa amejenga utajiri wake juu ya wazo jepesi: badala ya kukata sabuni kutoka kwenye mche mrefu dukani, aliifunga vipande vidogo na kuipa jina. Sunlight ilianza mwaka 1884, na mwaka 1888 akaanza kujenga kijiji kizima cha wafanyakazi karibu na Liverpool akakiita Port Sunlight, nyumba nzuri zenye bustani. Sabuni yake ilihitaji mafuta ya mimea, na mafuta yalihitaji mikono. Kongo mikono hiyo ilipatikana kwa kulazimishwa, watu wakipandishwa michikichini kukata mikungu kwa ujira mdogo na chini ya shinikizo la serikali. Makao makuu yaliitwa Leverville. Leo mji huo ni Lusanga. Mwaka 1931, katika eneo la Kwilu, Wapende waliasi, na mamia wakauawa.

Kwa hivyo sabuni iliyoingia kwenye vibanda vyetu ikiwa imefungwa karatasi yenye harufu nzuri ilikuwa na mafuta ya michikichi ya Afrika na soda, na nyuma yake mlolongo wa watu waliohamishwa au kulazimishwa. Mzee wetu aliyetoka shambani kwa setla na kununua kipande chake alinunua kwa mshahara. Jivu lilikuwa la bure. Ili mtu aache cha bure anunue cha pesa, lazima kwanza aaminishwe kwamba cha bure ni uchafu. Mwanahistoria Timothy Burke aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili nchini Zimbabwe, *Lifebuoy Men, Lux Women*, akionyesha jinsi shule, kliniki na matangazo vilivyofanya kazi pamoja kumfundisha Mwafrika kuuonea haya mwili wake kabla ya kumuuzia dawa ya haya hiyo.

Kenya tulikuwa na shule zetu za jambo hilo. Chuo cha Jeanes kilifunguliwa Kabete mwaka 1925 kufunza walimu wa vijijini, na wake zao wakafunzwa utunzaji wa nyumba ya kisasa. Maendeleo ya Wanawake ilianza mwaka 1952, mwaka uleule wa hali ya hatari, na vilabu vyake vikafundisha upishi, ushonaji na usafi, huku serikali ikitumaini kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Sitaki kuwadharau wanawake waliojiunga. Wengi walijua wanachotaka na walikichukua. Na sabuni si ulaghai. Mtoto mchanga aliyepokewa na mikono iliyooshwa kwa sabuni ana bahati kuliko yule wa mikono ya maji matupu, na hilo sitalibishia kwa ajili ya uzalendo wa jivu. Ninachosema ni kwamba elimu ile ilikuja kama ngazi, na juu kabisa ya ngazi palikuwa na duka.

Angalia Vim. Lever aliitoa mwaka 1904: unga wa kusugulia sufuria, kitu cha kukwaruza kilichosagwa na kuchanganywa na kitu cha kukata mafuta. Jivu lililoenda shule, basi. Kizazi cha mama yangu kilikuwa na mkebe wa unga wa aina hiyo kwenye kabati la wageni kuona, na jivu nyuma ya nyumba la kufanya kazi.

Ngazi ile bado ipo, na ina takwimu. Tangu mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanapohesabu kaya zenye mahali pa kunawia mikono, wanataka maji na sabuni. Jivu, udongo na mchanga havihesabiwi kama sabuni. Mwenye navyo huwekwa ngazi ya chini, kwenye huduma pungufu. Wana sababu zao, na sababu si mbaya: sabuni imepimwa na kuthibitishwa. Wakati wa korona mwaka 2020, watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti zote walizopata kuhusu kunawa kwa jivu, wakahitimisha kwamba ushahidi ni haba na dhaifu kiasi cha kutoweza kusema kama linafaa au halifai. Haba kweli. Hakuna kampuni ya jivu inayolipia utafiti. Lakini ukisoma kwa haraka, "hatujui" inageuka "haifai", na mama wa kaya yenye shilingi 20 za siku anaambiwa kwamba hana kitu.

Na jivu lenyewe limebadilika, hili tulikubali. Jivu la nyanya lilikuwa la kuni tupu. Jikoni mwingi mjini leo makaa huwashwa kwa karatasi ya nailoni au kipande cha chupa ya plastiki, na taka za nyumba hutupwa humohumo. Jivu la namna hiyo simshauri mtu aoshee sahani. Kwa hiyo yule kijana wa video anayesema "chukua tu jivu lolote" anawapa watu maarifa ya jiko ambalo halipo tena.

Shangazi yangu, kwa mfano, ana mtungi wa gesi tangu mwaka juzi. Moto wake siku hizi hauzai chochote. Anaosha vyombo kwa sabuni ya maji ya chupa, na anaipenda, inanukia ndimu. Lakini choo ni kilekile cha shimo, na mbegu za maharagwe ni zilezile, kwa hivyo kila Jumamosi humtuma mjukuu na mkebe kwa jirani ambaye bado anapikia kuni za mkaratusi. Mwanzoni ilikuwa salamu na jivu, bure. Kisha wengine wenye mitungi wakaanza kutuma watoto wao pia. Mwezi uliopita jirani aliweka bei: shilingi 10 kwa mkebe, na lililochekechwa ni 15.